ABIRIA, MSAMAHA NA GARI LILILOTUMIKA
Uhakiki wa istilahi za kuhamia nchini na gari

Lugha ya forodha ni miongoni mwa lugha za kitaalamu ambazo mwananchi wa kawaida hukutana nazo bila ya kuzitafuta. Mtu anaweza kuishi umri wake wote asisome sheria ya madini wala kanuni za usafiri wa anga. Lakini siku anaporejea nyumbani kutoka ugenini akiwa na gari lake, hana budi kusoma maelezo, kujaza fomu na kutia sahihi tamko ambalo, likiwa la uongo, ni kosa kisheria. Hapo istilahi huacha kuwa jambo la kamati na kuwa jambo la mfuko wa mtu. Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno ya Kiswahili yanayotumika katika shughuli hiyo, kuonyesha yanayofaa na yanayopotosha, na kutoa mapendekezo machache kwa watafsiri, walimu na watumishi wa serikali.

Ili hoja zetu zisiwe nadharia tupu, tutatumia mfano mmoja wa kubuni. Tuchukue muuguzi, mzaliwa wa kata ya Lipangalala katika mji wa Ifakara, ambaye amefanya kazi Lusaka kwa miaka sita na sasa anarudi kwao moja kwa moja. Anaendesha gari lake mwenyewe kupitia Nakonde na Tunduma, anapita Mbeya na Iringa, kisha Mikumi anaiacha barabara kuu na kushika njia ya Kidatu hadi Ifakara. Tumeuchagua mji huu kwa sababu watu wa bonde la Kilombero si wageni wa safari ndefu. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inapita kwao. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko na taasisi ya utafiti wa afya ambayo chanzo chake ni maabara ya Waswisi ya mwaka 1957 zimewaleta watu kutoka mbali na kuwapeleka wengine mbali. Ndugu wa muuguzi wetu walioko Lipangalala ndio watakaosoma maelezo ya Kiswahili kwa niaba yake na kumpigia simu kumweleza walichoelewa. Swali letu ni hili: je, watakachokielewa ndicho sheria inachosema?

Sheria yenyewe

Sheria inayohusika ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo ilianza kutumika pamoja na Umoja wa Forodha mwaka 2005. Jedwali lake la Tano linataja bidhaa zisizotozwa ushuru, na humo imo sehemu inayohusu mizigo na vitu vya binafsi vya wasafiri. Mtu anayehamisha ukaazi wake kwa nia ya kweli, kutoka nje na kuingia katika nchi ya Jumuiya, anaruhusiwa kuingiza gari moja bila ya ushuru wa forodha kwa masharti. Awe ametimiza umri wa miaka 18. Gari liwe amelimiliki yeye mwenyewe na kulitumia huko nje kwa muda usiopungua miezi 12, na gari likisafirishwa kwa meli, muda wa safari hiyo hauhesabiwi. Basi dogo au kubwa lenye nafasi za abiria zaidi ya 13 halimo, wala gari la mizigo lenye uwezo wa kubeba zaidi ya tani mbili.

Sheria hii iliandikwa kwa Kiingereza. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 ilikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi na kutaka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Tanzania kwa upande wake ilirekebisha sheria zake mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kwa hiyo kazi ya kuyaleta masharti haya katika Kiswahili si ya hiari tena, na hatuna udhuru wa kuifanya kwa kubahatisha.

Kuagiza, kuingiza na kuvusha

Neno la kwanza la kuhakikiwa ni kuagiza. Katika maandishi ya uchumi tumezoea kusema uagizaji kwa maana ya kuleta bidhaa kutoka nchi za nje, na hapana shaka kwamba neno hilo linafaa kwa mfanyabiashara. Kuagiza ni kutoa agizo: kuna anayeagiza, kuna anayeagizwa, na kuna kitu kinacholetwa baada ya agizo. Mtu wa Ifakara anayelipia gari huko Japani na kulisubiri Dar es Salaam ameagiza gari. Muuguzi wetu hakuagiza chochote. Gari ni lake, amelitumia, na amekuja nalo. Hata hivyo hukutana na maelezo yanayomwita mwagizaji na yanayomtaka ataje tarehe ya kuagiza. Akiwa mkweli atajibu kwamba hakuagiza, na hivyo kuacha pengo katika fomu. Akiwa mwepesi wa kuridhisha ofisi atataja tarehe yoyote, na hapo ameanza kutoa maelezo yasiyo sahihi.

Kuingiza ni bora zaidi. Ni kitenzi cha kusababisha kitokanacho na kuingia, hakisemi lolote juu ya biashara, na kinazaa maneno kwa urahisi: mwingizaji, uingizaji, kilichoingizwa, uingizaji wa muda. Hili la mwisho, linalotumika kwa gari la mgeni ambalo litatoka tena, ni istilahi iliyo wazi na fupi, nasi hatuna kasoro ya kuitaja.

Liko neno la tatu ambalo watafsiri hulisahau, nalo ni kuvusha. Watu wa bonde la Kilombero wanalijua vizuri, kwa maana kabla ya daraja kubwa la mto Kilombero kufunguliwa rasmi mwaka 2018, gari lililotaka kutoka Ifakara kwenda Mahenge lilivushwa kwa pantoni. Gari lililovushwa halikubadilika mwenyewe wala hali. Lilikuwa upande huu, likawa upande ule. Hiyo ndiyo sura halisi ya kitendo cha mtu anayefika Tunduma na gari lake. Yafaa tukiri, hata hivyo, kwamba kuvusha kunatumika pia kwa bidhaa za magendo na kwa watu wanaopitishwa njia za panya. Kwa sababu hiyo hatupendekezi neno hili liwe istilahi ya sheria. Tunalipendekeza kwa maelezo ya kawaida kwa wananchi, mahali ambapo kitendo cha kupita mpaka kinaelezwa, na kuingiza kuachwe kwa tendo la kisheria linalokamilika baada ya kibali kutolewa.

Abiria asiyebebwa

Jedwali la Tano, kwa Kiingereza chake, linamwita mwenye haki hii kwa neno ambalo kamusi zote hulifasiri kuwa abiria. Mtafsiri aliyefungua kamusi na kuifunga upesi ataandika "mizigo ya abiria". Katika Kiswahili abiria ni mtu anayebebwa na chombo kinachoendeshwa na mwingine. Dereva si abiria. Kondakta si abiria. Muuguzi wetu anashika usukani. Akifika mpakani na kuona kibao kinachowaelekeza abiria upande mmoja na magari upande mwingine, hana sababu yoyote ya kudhani kwamba haki yake imeandikwa chini ya jina la abiria.

Kosa hapa si la kamusi. Neno la Kiingereza lina maana pana zaidi katika sheria ya forodha kuliko katika usafiri wa basi, na mtafsiri anapaswa kutafsiri maana ya mahali pale. Kiswahili kina neno msafiri, ambalo halijali kama mtu anabebwa au anajiendesha. "Mizigo na vitu vya binafsi vya msafiri" ni maneno yanayomhusu mwenye basi, mwenye meli, mwenye ndege na mwenye gari lake.

Gari lililotumika

Sasa tunafikia kosa lenye gharama kubwa kuliko yote. Muhtasari wa sharti la miezi 12 aghalabu huandikwa kwa namna hii: "Gari binafsi lililotumika kwa muda usiopungua miezi 12 linasamehewa kodi." Sentensi ni fupi, ni laini, na haina kosa la sarufi. Lakini imeharibu sheria katika sehemu tatu.

Kwanza, imehamisha sharti kutoka kwa mtu na kulitia katika gari. Sheria inadai kwamba mtu huyu mwenyewe awe amelimiliki na kulitumia. Sentensi yetu inadai tu kwamba gari liwe limetumika. Ni dhahiri kwamba gari linaweza kutumika miaka mitano mikononi mwa mtu mwingine.

Pili, "gari lililotumika" katika Kiswahili cha mitaani si kirai huru tena. Limekuwa jina la aina ya bidhaa: gari lisilo jipya. Msomaji wa Lipangalala akiliona, mawazo yake hayaendi kwenye muda wa kumiliki bali kwenye gari kuukuu linalouzwa. Ndugu wa muuguzi watampigia simu kumwambia: nunua huko gari lililokwisha kutumika zaidi ya mwaka, uje nalo, hutatozwa kitu. Naye, kwa nia njema kabisa, atauza gari lake la zamani na kununua jingine lenye umri wa miaka minne, miezi miwili kabla ya kuhama. Amelitimiza sharti kama lilivyoandikwa kwa Kiswahili, na amelivunja kama lilivyo katika sheria.

Tatu, neno binafsi limewekwa mahali pasipo pake. Gari binafsi katika matumizi ya Tanzania ni gari lisilo la biashara wala la umma. Katika sheria, ubinafsi ni wa tendo la kumiliki. Gari linaweza kuwa binafsi na lisiwe la kwako.

Hasara yake si ndogo. Tukadirie, kwa ajili ya hesabu tu, gari lenye thamani ya kiforodha ya shilingi 10,000,000, yaani bei pamoja na bima na gharama za kulisafirisha. Ushuru wa forodha ukiwa asilimia 25, utakuwa shilingi 2,500,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, hukokotolewa baada ya ushuru kujumlishwa. Yaani juu ya shilingi 12,500,000, nayo ni shilingi 2,250,000. Jumla ni shilingi 4,750,000, tukiacha ushuru wa bidhaa na tozo nyingine. Kwa familia inayolima mpunga, fedha hiyo si ya kupotezwa kwa sababu ya kishazi rejeshi kilichokosewa.

Tunapendekeza sentensi ifuatayo, ingawa ni ndefu: "Msafiri anayehamia nchini hatatozwa ushuru wa forodha kwa gari moja ambalo yeye mwenyewe amelimiliki na kulitumia akiwa nje kwa muda usiopungua miezi 12 kabla ya kuhama." Ufupi ni sifa ya istilahi, si sifa ya sharti. Sharti lina deni moja tu, nalo ni kueleweka kwa namna moja.

Nje ya nchi, nje ya nini?

Sheria inasema gari liwe limemilikiwa nje ya Nchi Mwanachama. Kiingereza kina neno dogo litanguliayo jina ambalo halina kifani katika Kiswahili, na katika sheria hii neno hilo lina uzito. Mtafsiri anaweza kuandika "nje ya Nchi Mwanachama", msomaji akabaki na njia mbili: nje ya nchi moja anayohamia, au nje ya nchi yoyote iliyomo katika Jumuiya. Jumuiya sasa ina wanachama 8, tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoingia mwaka 2022 na Somalia ikakamilisha uanachama wake mwaka 2024. Kwa anayetoka Lusaka swali hili halina uzito, kwani Zambia haimo katika Jumuiya. Kwa anayetoka Nairobi, Kampala au Lubumbashi, swali ndilo lote.

Maelezo mengi hukwepa tatizo kwa kuandika "nje ya nchi". Huko ni kuamua bila ya kusema kwamba umeamua, kwa sababu kwa Mtanzania yeyote Nairobi ni nje ya nchi. Si kazi ya mtafsiri kuifasili sheria, na si kazi ya Baraza. Kazi ya mtafsiri ni kuiona njia panda, kumwuliza mwanasheria ni njia ipi iliyokusudiwa, kisha kuandika waziwazi ama "nje ya Nchi Mwanachama anayohamia" ama "nje ya Nchi zote Wanachama". Kuiacha njia panda katika Kiswahili na kuiita tafsiri aminifu ni kumwachia mwananchi mzigo ambao mtafsiri analipwa kuubeba.

Msamaha na haki

Istilahi "msamaha wa kodi" imeenea mno, nasi hatuna tamaa ya kuing'oa. Lakini inafaa tuichunguze. Kusamehe hutanguliwa na kosa au deni. Anayesamehewa huomba, na anayesamehe ana hiari ya kukataa. Mtu aliyetimiza masharti ya Jedwali la Tano hakukosa, wala hadaiwi. Sheria yenyewe imeliweka gari lake nje ya ushuru. Kilichobaki kwa ofisa ni kuthibitisha masharti. Neno msamaha hugeuza uthibitisho huo kuwa fadhila. Mwananchi huingia ofisini kwa unyonge, akiomba. Na mtumishi, hata aliye mwadilifu, hujikuta amekaa kiti cha mtoaji. Tusishangae basi ikiwa baadhi ya watu hudhani kwamba msamaha una bei yake ya pembeni.

Kasoro ya pili ya istilahi hii ni kuchanganya ushuru na kodi. Ushuru, ambao asili yake katika Kiarabu ni sehemu ya kumi, hutozwa bidhaa inapopita mahali fulani. Na forodha nayo, kwa asili ya Kiarabu, ni bandari, maana ambayo bado imehifadhiwa katika jina la Forodhani kule Unguja. Sheria ya Forodha inaondoa ushuru wa forodha. Kodi ya Ongezeko la Thamani na ushuru wa bidhaa zina sheria zake za nchi, na kuondolewa kimoja si hoja ya kutosha ya kudhani kuwa vyote vimeondolewa. Anayeandika "msamaha wa kodi" kwa jumla anaahidi asichokuwa na mamlaka ya kukiahidi.

Kwa hiyo tunapendekeza kitenzi kitumike zaidi kuliko jina: hatatozwa ushuru wa forodha. Jina likihitajika, "stahili ya kutotozwa ushuru" inafaa, kwa kuwa stahili ni kitu ambacho mtu anacho kabla ya kufika dirishani.

Maneno yaliyokwisha kuwapo

Wako wanaodhani kwamba kazi ya istilahi ni kubuni. Aghalabu ni kuokota. Hati ya usajili wa gari kila mtu anaiita kadi ya gari. Fomu inayodai "cheti cha usajili wa chombo cha moto" bila ya kutaja kadi itamrudisha mtu Ifakara kutafuta karatasi aliyonayo mfukoni. Kugomboa, kwa maana ya kuitoa mizigo bandarini, ni neno ambalo wengi wameliacha kwa ajili ya neno la Kiingereza, ilhali lina usahihi wa ajabu: hugombolewa kitu kilichowekwa rehani, na gari lililo chini ya forodha hushikiliwa kama rehani hadi kinachodaiwa kilipwe. "Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani" ni istilahi ndefu lakini inaeleza kazi, hivyo ibaki. Wala tusiwakemee wanaosema boda. Neno hilo limetuzalia bodaboda, iliyoanzia kwa baiskeli za mpaka wa Kenya na Uganda kule Busia, na leo linabeba watu Lipangalala ambao hawajaona mpaka wa nchi yoyote.

Kuhusu mhamiaji, tunashauri uangalifu. Neno ni sahihi kwa sarufi, lakini habari za polisi zimelifunga na kivumishi haramu kiasi kwamba mtu anayerejea kwao huona limemtukana. "Anayehamia nchini" na "mkaazi anayerejea" hutosha. "Kubadili makazi" kuepukwe, kwani mtu akitoka Lipangalala kwenda Kibaoni, ndani ya mji uleule, amebadili makazi pia. Kinachohamishwa katika sheria hii ni ukaazi, yaani hali ya kuwa mkaazi wa nchi, na herufi mbili za a zinazohifadhiwa katika maandishi ya Zanzibar zina faida ya kutenganisha ukaazi na makazi ya kawaida.

Mapendekezo

Kwa ufupi tunapendekeza yafuatayo. Kuagiza kuachwe kwa biashara, na kuingiza kutumike kwa gari la mtu binafsi. Msafiri achukue nafasi ya abiria katika maandishi yote ya mizigo ya binafsi. "Gari lililotumika" lisitumike kamwe kueleza sharti la miezi 12. "Nje ya nchi" isitumike pale ambapo sheria inazungumzia Nchi Mwanachama. Msamaha wa kodi utenganishwe na kutotozwa ushuru wa forodha. Tena, kabla ya maelezo yoyote kuchapishwa, asomewe mtu asiye mtumishi wa forodha, aulizwe ameelewa nini, na majibu yake yaandikwe. Walimu wa Kiswahili wanaweza kuyafanya haya darasani kwa faida kubwa: sentensi ya gari lililotumika ni zoezi zuri la vishazi rejeshi kuliko mengi yaliyomo vitabuni.

Maneno haya yatapelekwa katika kamati kwa kujadiliwa, na huenda baadhi yake yakakataliwa. Tunawaomba wasomaji, hasa walio karibu na vituo vya Tunduma, Namanga, Mutukula, Sirari na Kasumulu, watuletee maneno yanayosemwa huko dirishani, yakiwa pamoja na mifano ya matumizi yake, ili kamati isijadili jambo ambalo wananchi wamekwisha kulimaliza.